Ufito Mmoja wa Bei Nafuu Watosha Nyumba Nzima

Wahenga walisema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufasiriwa maneno hayo, kwani tumezaliwa tukayakuta madema, majarife na mishipi, na mtoto wa kwetu huujua mshipi kwa kidole cha shahada kabla hajaijua kalamu. Ndiyo sababu wengi wetu, tukimwona mtu amesimama mwambani na ufito wenye chombo cha kuzungushia mshipi, humcheka kichini chini. Tutasema huyo ni mtalii, au ni tajiri aliyekosa la kufanya jioni. Mvuvi wa haki, kwa fikira zetu, ni mkono, mshipi na ndoana, basi.

Dhana hiyo ndiyo niliyokusudia kuizungumza leo, ndugu msomaji. Siwatetei wenye fito za thamani ambazo bei yake hununua ng'ombe. Nazungumza juu ya ufito wa bei ya chini kabisa, ule unaouzwa umefungwa pamoja na rili yake katika mfuko wa plastiki, bei yake haizidi jogoo wawili watatu, na mjuzi ataupita dukani bila ya kuutazama mara mbili. Ufito huo ukipata mtu wa kuufahamu hufanya kazi ambayo nyavu za pesa nyingi haziwezi kuifanya. Na mahali nilipoiona kazi hiyo kwa macho yangu si Lamu wala Vanga. Ni katika kaunti za Kisii na Nyamira, milimani, karibu kilomita 800 kutoka Mombasa, ambako wako watu wazima wengi wasiopata kuionja bahari ilivyo chumvi.

SAMAKI BWAWANI, OMENA SOKONI

Nilikwenda nchi ya Gusii kwa ajili ya obokano, kinanda kikubwa cha nyuzi nane ambacho wazee wa huko hukipiga na kukiimbia. Mjini Kisii nilifikia kwa jamaa wa Kinubi, Waislamu ambao wazee wao waliletwa na jeshi la Mwingereza wakabakia. Kisha nikapanda Nyamira kwa mwalimu mmoja mstaafu, mpenzi wa ngoma za kale, ambaye watu wa kijijini humwita Omogaka, yaani mzee, nami nikamwita hivyo hivyo. Nyuma ya nyumba yake kuna chai, chini ya chai kuna migomba, na chini ya migomba, bondeni, kuna bwawa la samaki.

Mabwawa ya namna hiyo yana historia yake. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kufufua uchumi, na ndani yake ikaweka ufugaji wa samaki: majimbo 140 ya uchaguzi, mabwawa 200 kila jimbo, na kila bwawa lipate mita za mraba 300. Kisii na Nyamira, kwa mvua zake nyingi na chemchemi zake, zikaupokea mpango huo kwa mikono miwili. Fedha za serikali zilipokoma wako waliojikaza wakaendelea, na yako mabwawa yaliyogeuka makao ya vyura. Omogaka ni katika wale waliojikaza. Bwawani mwake mna perege, ambao huko bara huitwa ngege au tilapia, na kambale wachache wa kuwapunguza vifaranga wao.

Siku ya pili ya kukaa kwangu mama mwenye nyumba aliandaa ugali wa wimbi, mboga za majani na omena, wale dagaa wakavu wa Ziwa Victoria. Chakula kilikuwa kizuri, na mwenyeji wa Kigusii hana choyo na sahani ya mgeni. Lakini nilipouliza kwa nini tunakula dagaa wa kununua, nasi tumekaa hatua 100 kutoka kwenye bwawa lenye samaki, mama alicheka akaniambia: “Mgeni wetu, hawa samaki tumewaweka kama watu wanavyoweka pesa benki. Tunajua ziko, lakini hatuzishiki.”

Jambo lenyewe ni hili. Bwawa la mita 300 huwezi kulivua kwa mkono. Wataka wavu wa kukokota, na wavu huo hana kila mtu, hivyo huazimwa au hukodiwa. Wataka watu wanne au watano wa kuingia majini, na wote hao watakula. Maji yote hugeuka tope, na samaki waliobaki hukaa siku wamesusa chakula. Kwa hiyo nyavu huitwa mara moja au mbili kwa mwaka, samaki wakauzwa wote kwa pamoja, ada za shule zikalipwa. Siku nyingine zote nyumba yenye mamia ya samaki huenda sokoni kununua dagaa, na watoto hula mboga. Wavu hauna namna ya kutoa samaki wanne wa chakula cha usiku.

Basi, ukutani katika chumba cha wajukuu, nikaona ufito umetundikwa kama upanga wa vita vilivyokwisha. Mjomba wao aliuleta kutoka Nairobi miaka mitatu nyuma. Walivua nao siku mbili, mshipi ukajifunga mafundo, mmoja akasema umeharibika, ukapandishwa ukutani. Nikaomba uteremshwe. Kwa kuwa ufito wa aina hiyo ninao Mombasa kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, niliona mara moja kwamba hauna ila yoyote. Ulikuwa umekosa mtu wa kuuweka sawa tu. Tuliushughulikia asubuhi moja, na jioni yake perege wanne walikuwa jikoni. Hayo tuliyoyafanya asubuhi ile ndiyo nitakayoyaeleza hapa chini.

BOBINI ISIYOZUNGUKA

Kwanza tukijue chombo. Mwaka 1905 huko Yorkshire, Uingereza, bwana mmoja mwenye viwanda vya kusokota nyuzi, Alfred Illingworth, aliandikisha hati ya uvumbuzi wa rili ya namna mpya. Rili za kabla yake zilikuwa gurudumu: ukitupa chubwi, gurudumu huzunguka kutoa mshipi, nawe lazima ulizuie kwa kidole kwa ustadi mkubwa, la sivyo linazidi mbio na mshipi unavurugika. Illingworth alikuwa akiona kila siku kiwandani jinsi uzi unavyochomoka kwenye ncha ya bobini bila ya bobini yenyewe kuzunguka. Akaweka rili yake vivyo hivyo: bobini imetulia, mshipi unachomoka mbele yake kwa mizunguko, na wakati wa kurudisha kipo kipande kinachozunguka kuuviringisha tena.

Mwaka huo huo wa 1905, Ewart Grogan alileta Kenya samaki wa trauti kutoka Scotland wakapandwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua, na uvuvi wa ufito ukawa mchezo wa masetla. Fito zao zilikuwa za mwanzi uliopasuliwa na kuunganishwa kwa gundi, na mishipi yao ya hariri. Vitu hivyo maskini hakuvigusa. Yaliyouteremsha ufito mpaka kwa mkulima ni mambo mawili: nailoni, ambayo kampuni ya DuPont ya Marekani iliitangaza mwaka 1938, na fibaglasi, iliyoanza kutumika katika fito baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ufito wa fibaglasi ni mzito kidogo na mlegevu kidogo, lakini huvumilia mikono ya watoto kuliko ule wa kaboni wa bei kubwa. Kwa nyumba yenye wajukuu, huo wa bei ndogo ndio bora.

KABLA YA KUTOA PESA

Anayetaka ufito mmoja wa kazi zote aangalie mambo manne.

La kwanza ni kipimo. Karibu na mpini pana maandishi, aghalabu kwa vipimo vya Kizungu vya ratili na wakia. Tafuta ufito wa futi 6 na nusu mpaka 7, yaani mita 2 na kidogo, wenye kuchukua mshipi wa ratili 8 mpaka 10, na chubwi au chambo cha robo wakia mpaka kupita nusu wakia kidogo, yaani gramu 7 mpaka 18. Huo ni ufito wa kati na kati. Ukizidi ugumu hautakuonyesha perege anapodonoa, na ukizidi ulaini kambale wa kilo tatu ataufanya utakavyo.

La pili ni pete zinazopitisha mshipi. Chukua kipande cha pamba ukipitishe ndani ya kila pete. Ikiwa kuna ufa, hata usioonekana kwa jicho, nyuzi za pamba zitanasa. Pete yenye ufa ni kisu: itakata mshipi siku ya samaki mkubwa, si siku ya samaki mdogo.

La tatu ni kiungo, mahali vipande viwili vinapokutana. Viunganishe, utazame kama mtu anayelenga shabaha, pete zote ziwe mstari mmoja, kisha utikise. Usisikie mlio. Ukisharudi nyumbani paka kiungo nta ya mshumaa kidogo, nacho hakitalegea wala hakitagoma kuchomoka.

La nne ni rili. Izungushe pole pole karibu na sikio. Mlio mwepesi si neno katika bei hiyo, lakini isikwame mahali. Fungua na ufunge ule upindo wa waya mara kumi. Ukilegea dukani, hautakaza mtoni.

BREKI NI KILO MOJA YA SUKARI

Sasa tuje kwenye kazi tuliyoifanya Nyamira. Mshipi wa zamani tuliutoa wote. Nailoni iliyokaa miaka mitatu karibu na dirisha imekwisha kuliwa na jua, na uimara wake ni wa macho tu. Lakini kununua mshipi wa kujaza bobini nzima ni hasara isiyo lazima. Vile vipande vya zamani vilivyokuwa bado laini tulivifunga chini kabisa kuwa kitanda, na juu yake tukaweka mita 80 za mshipi mpya wa ratili 8. Mvuvi wa bwawani hatatupa hata mita 30, kwa hiyo kile cha chini hakitaonja maji.

Bobini ijazwe mpaka ibaki nafasi kama ya unene wa sarafu mbili kabla ya kufika ukingoni. Ukiijaza kupita hapo mshipi hutoka mafungu mafungu na kuvurugika, na huo ndio ugonjwa uliokuwa umeupeleka ufito wetu ukutani. Ukiijaza pungufu, mshipi husugua ukingo na chubwi haifiki mbali.

Halafu breki, kile kifundo cha mbele ya bobini ambacho wengi hukikaza mpaka mwisho wakidhani ndio uhodari. Breki haikuwekwa kumzuia samaki. Kazi yake ni kumwachia mshipi kidogo kidogo anapovuta kwa nguvu, ili asiukate. Mshipi wa ratili 8 huchukua kama kilo 3 na nusu, na fundo huupunguzia nguvu, basi breki iachie kwenye kilo moja hivi. Utapimaje bila mizani? Tulichukua pakiti ya kilo moja ya sukari tukaitia mfukoni, mshipi tukaufunga kwenye mfuko, mjukuu mkubwa akapanda juu ya kiti, ncha ya ufito ikaelekea chini na mfuko ukaning'inia. Breki inapoushika mfuko, lakini ikauachia taratibu ukiutikisa, hapo ndipo penyewe. Mama alisimama mlangoni akitazama sukari yake ikipanda na kushuka, akasema sasa ameona elimu ya pwani.

Fundo ni lile lile la wavuvi wetu: mshipi upite katika tundu la ndoana, ujizungushe wenyewe mara tano, ncha irudi katika kitundu cha kwanza karibu na ndoana, kisha itiwe mate na kuvutwa pole pole. Mate si ushirikina. Nailoni ikisuguana kavu hupata moto na kudhoofika. Na kila baada ya kuvua, kata nusu mita ya mwisho ufunge upya, kwani hapo ndipo penye kuliwa na mawe na meno.

Wajukuu walitaka maneno ya kukumbuka haya yote, nami nikawatungia ubeti huu wauweke kichwani:

Ufito si bei yake, ni mkono kutulia,
Mshipi uzani wake, na chubwi kuangalia,
Fundo na mate uweke, pole pole kuvutia,
Samaki asichomoke, ukabaki kujutia.

NJIA TATU KWA UFITO MMOJA

Ufito wa kazi zote huitwa hivyo kwa sababu hubadilishi ufito, wabadilisha kilicho mwisho wa mshipi.

Njia ya kwanza ni boya, na hii ndiyo ya perege. Kipande cha kizibo, au bua kavu, hufungwa juu ya ndoana ndogo kwa kiasi cha mita moja au chini yake, na chubwi ndogo mno ya kulisimamisha. Chambo ni nyungunyungu, au donge la ugali lililokandwa na chakula chao wenyewe cha bwawani. Perege ana mdomo mdogo na hadhi kubwa. Ndoana nene huitema. Boya likitikisika usivute. Likienda upande au likizama, inua ufito tu, kwa mkono mwepesi.

Njia ya pili ni ya chini, na hii ni ya kambale. Ondoa boya, weka chubwi inayoteleza juu ya mshipi, na ndoana kubwa kidogo yenye nyungunyungu wengi au kipande cha ini la kuku. Laza ufito juu ya panda ya mti, breki umeilegeza, ungoje magharibi iingie. Kambale hana magamba, na kwa madhehebu yetu ya Kishafii hilo halimharamishi. Jihadhari na miiba miwili ya mapezi yake ya kifuani, humchoma asiyejua kumshika. Kwa chubwi nilipendezwa na jambo moja. Mmoja wa wale vijana ana jamaa Tabaka, kule Kisii kunakochongwa mawe laini yanayopelekwa ulimwengu mzima kwa umbo la sahani na vinyago. Alichukua vipande vilivyotupwa, akavitoboa kwa msumari, vikawa chubwi. Ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo iwe kubwa kidogo, lakini haina sumu ya risasi wala haina bei. Nasi pwani wazee wetu walivua kwa chubwi za mawe.

Njia ya tatu ni kijiko, yaani kipande cha bati au shaba kinachong'aa, chenye ndoana mkiani, ambacho hutupwa na kurudishwa kwa kuzungusha rili. Wasomaji wangu waliowahi kurambaza mashuani wataielewa upesi: ni kurambaza vile vile, ila mashua imesimama na mkono ndio unaotembea. Hii ni ya mtoni. Mto Gucha, ambao wengine huuita Kuja, huanzia katika vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, ukapita Kisii kwenda Migori mpaka Ziwani. Kaskazini upo Sondu, mpakani na Kericho. Katika mito ya nchi hiyo wamo samaki wa masharubu wenye magamba makubwa, ambao Waluo huwaita fwani, na hao hukifukuza kijiko kidogo mahali maji ya kasi yanapoingia katika kina. Tupa juu ya mto, kiteremke na maji, zungusha kwa kasi ya kukifanya kipepese tu. Mvua zinapokithiri mto huwa mwekundu kwa udongo na kijiko hakionekani. Miezi ya Disemba mpaka Februari, mvua zipunguapo, maji huwa maangavu zaidi.

Katika njia zote tatu yako mawili ya kushika. Baada ya kutupa, ule upindo wa waya ufunge kwa mkono, usiufunge kwa kuzungusha rili, maana huko ndiko mshipi unakoanza kujisokota. Na samaki anapovuta mshipi nje, usizungushe rili. Hutamrudisha, utausokota mshipi tu. Ngoja atulie, inua ufito, kisha zungusha ukiushusha.

BWAWANI NA MTONI HUKUMU SI MOJA

Hapa nawasihi wasomaji wanifuate vizuri. Katika bwawa la perege waliochanganyika madume na majike, samaki huzaa wakiwa wadogo na hujaa mpaka wote wakadumaa, wakawa wa vidole vitatu wasiokua. Kwa hiyo bwawani usione haya kuchukua wadogo. Ukiwapunguza, waliobaki hukua, na wadogo wanane wa kukaanga ni kitoweo kama wakubwa wawili.

Mtoni ni kinyume chake. Mdogo arudishwe, na jike mwenye mayai arudishwe. Tunao mfano wa ningu, samaki wa Ziwa Victoria ambaye wakati wa mvua hupanda mito kwenda kutaga. Watafiti waliandika tangu miaka ya 1960 jinsi alivyopungua kwa sababu ya nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito, zikimkamata kabla hajataga. Ufito huchukua mmoja mmoja, nawe unamwona kila mmoja, kwa hiyo una nafasi ya kumhurumia ambayo mwenye wavu hana. Kadhalika sheria ya uvuvi ya Kenya ya mwaka 2016 imekataza sumu na baruti, na kabla ya kuvua mtoni ni vyema kuulizia kibali katika ofisi ya uvuvi ya kaunti. Bwawa la nyumbani ni lako. Mto ni wa watu wote.

Na aliyekamatwa wa kuliwa auawe upesi kwa pigo moja la kichwa, asiachwe akipapatika juani. Samaki hahitaji kuchinjwa, lakini huruma haikuondolewa.

VINAVYOUUA UFITO, NA VINAVYOMUUA MWENYEWE

Fito chache mno huvunjwa na samaki. Huvunjwa na mlango, na kiti cha matatu, na mtu aliyeukanyaga gizani. Ukisafiri utenganishe, ufunge vipande kwa ukanda wa mpira wa baisikeli, uutie ndani ya kipande cha bomba la plastiki. Majini, usimnyanyue samaki kwa ufito mpaka ncha ikarudi nyuma ya kichwa chako. Mvute mpaka ukingoni umwinue kwa kikapu au kwa mkono. Baada ya kazi legeza breki, pangusa, na mara moja kwa mwezi tia tone la mafuta ya cherehani katika mkono wa rili. Vipande vya nailoni usivitupe nyasini. Huwafunga ndege na mbuzi miguu, na havioi.

Linalomhusu mwenyewe ni kubwa zaidi. Nchi ya Gusii ni nchi ya radi. Upepo wa Ziwa hupanda milima mchana ukakutana na upepo wa mashariki, mawingu yakajikusanya, na alasiri ngurumo zikaanza. Na si nadra kusikia radi imeua mtu au ng'ombe. Mtu aliyesimama wazi kando ya maji na ufito wa mita mbili mkononi amejisimamisha mahali pa mti mrefu. Ufito wa kaboni hupitisha umeme, na hata wa fibaglasi ukirowa si wa kuaminiwa. Omogaka aliweka sharti moja kwa wajukuu, nami nililiunga mkono: ngurumo ya kwanza, ufito chini, watu ndani, hata kama boya linazama. Wanavua alfajiri na asubuhi, na jioni ikiwa mbingu ni safi. Vile vile ufito usitupwe mahali nyaya za umeme zinapopita juu.

FAIDA YA KWETU

Msomaji wa Mombasa au Malindi ataniuliza: yote haya yanatuhusu nini sisi wenye bahari? Yanatuhusu sana. Ufito huo huo, kwa mshipi huo huo, hufaa hori ya bahari, gatini na mwambani kwa samaki wa kilo moja mbili. Haufai nguru wala kolekole mkubwa, na asiwepo wa kuujaribu. Ila mwenye kuutumia baharini auoshe kwa maji baridi siku ile ile, asilale kabla hajauosha, kwa kuwa chumvi huila rili kwa siku chache kuliko matope ya Gucha kwa miaka.

Siku nilipoondoka Nyamira, mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kupanga: Jumanne na Ijumaa ni siku za ufito, samaki wasizidi wanane, na mjukuu wa kike ndiye mwandishi wa daftari la idadi. Nyavu zitakuja mwisho wa mwaka kama kawaida kwa ajili ya ada. Alhasili, hakununuliwa kitu ila mshipi wa mita 80 na ndoana kumi. Ufito ulikuwapo, bwawa lilikuwapo, na watoto walikuwapo.

Nina yakini kwamba katika nyumba nyingi, bara na pwani, upo ufito kama ule, nyuma ya kabati au juu ya dari, uliohukumiwa kwa kosa la mshipi. Basi kabla ya kwenda dukani kuutafuta mwingine wa bei kubwa, ndugu yangu, uteremshe. Pitisha pamba katika pete zake, ubadilishe mshipi, upime breki kwa kilo ya sukari, ufunge fundo lako kwa mate. Kisha mpe mtoto, ukae kando yake, umwambie lini asivute.